Bwawa Limekauka, Mkuu

Alipomaliza chuo cha wanyamapori, shangazi yake aliyemlea aliwatangazia majirani kwamba binti yake sasa atakuwa anaamka na twiga dirishani. Miaka mitatu baadaye, alichokiona dirishani kila siku kilikuwa maegesho ya magari. Alipangiwa dawati la takwimu katika ofisi kuu ya hifadhi, chumba chenye makabati ya chuma na feni iliyozunguka ikipenda, na wenzake wakambandika jina la Bi Takwimu. Kazi yake ilikuwa kuingiza karatasi za doria kwenye kompyuta: askari wamepita wapi, wameona wanyama gani, nyayo ngapi. Kila alipoomba kupelekwa porini, Mkuu wa hifadhi alimjibu kwa upole uleule: "Subira, binti. Pori halikimbii."

Waliokimbia walikuwa wanyama.

Kiangazi hicho aliliona jambo mapema kuliko wote. Bwawa la kusini lilijazwa na pampu ya dizeli, na mvua zilipokatika tu, askari waliandika tembo arobaini na mmoja wanaokunywa pale. Wiki mbili baadaye, kumi na saba. Kisha watatu. Kisha askari mmoja akaandika pembeni kwa penseli: "Matope tu." Na karatasi za mpaka wa kusini, ambazo zamani zilirudi tupu, zikaanza kujaa nyayo za tembo zinazoelekea mashambani.

Aliandika dokezo. Mkuu alilisoma akiwa amesimama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi nzuri. Weka hapo." Hapo palikuwa na rundo. Aliandika la pili, akaambiwa pampu ni ya idara ya ufundi. Idara ya ufundi ikamwambia inasubiri idhini ya Mkuu. Alipigwa danadana hivyo wiki nzima, mpaka akaingia ofisini kwa Mkuu bila kubisha hodi.

"Bwawa limekauka, Mkuu."

"Nimesikia."

"Tembo wanatoka nje ya hifadhi."

"Binti, wewe ni takwimu. Ufundi una wenyewe. Na wahenga walisema, asiyesikia la mkuu..." Akacheka peke yake, methali akaiacha njiani.

Alhamisi iliyofuata tembo waliingia mashambani alfajiri. Walifagia mahindi ya familia nne. Walipokuwa wakivunja ghala la mama mmoja, ukuta ulimwangukia ukamvunja mkono. Kabla ya saa nne Mkuu alimwita Bi Takwimu aandike barua ya pole. "Na usisahau kueleza," alisema, "kwamba hakukuwa na dalili yoyote ya awali."

Alirudi kwenye kiti chake. Pole aliiandika, tena kwa moyo wote. Ile sentensi ya dalili hakuiandika. Kisha akampigia simu fundi wa pampu.

"Kaka, ile pampu ya kusini ina ugonjwa gani hasa?"

"Sijui, dada. Sijaruhusiwa kuifungua. Fomu yangu iko mezani kwa Mkuu tangu mwezi juzi."

"Jumamosi una kazi?"

"Dada, utanitafutia balaa."

"Balaa limeshavunja mkono wa mtu. Nitaandika kwamba nimekuamuru mimi, na nitaweka sahihi."

Jumamosi asubuhi waliomba lifti kwenye gari la doria. Bwawani palikuwa pabaya kuliko karatasi zote alizowahi kusoma. Matope yalikuwa yamepasuka vipande vikubwa kama sahani, na katikati alikuwamo ndama wa nyati, amenasa, amekufa siku nyingi. Fundi alifungua pampu. Haikuchukua hata nusu saa. Akatoa kipande cha mpira cha duara kilichokauka na kupasuka, kisha akafungua boksi lake la vifaa akatoa kingine, kipya.

"Nilikuwa nacho siku zote hizi," alisema, bila kumtazama usoni.

Bomba lilikohoa, likatema kutu, halafu maji yakaja. Bi Takwimu hakushangilia. Alikaa chini kando ya pampu akalia kwa hasira. Nusu saa! Mkono wa mama wa watu, kwa kazi ya nusu saa!

Jumatatu alikuta barua ya kumtaka ajieleze: kuingia porini bila kibali, kuingilia mali ya hifadhi, kumshawishi mtumishi mwingine. Mbele ya kikao cha nidhamu aliweka nakala za madokezo yake, tarehe zake zikionekana. Mjumbe mmoja alizisoma, akamtazama Mkuu, akaziweka chini. Fundi aliachiwa. Yeye alipewa onyo la maandishi, na jina lake likaondolewa kwenye mafunzo ya kazi za porini mwaka huo. Ripoti ya mwezi ikasema uongozi ulitengeneza pampu kwa wakati. Yeye ndiye aliyepewa aichape.

Jioni alimpigia shangazi.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Shule ya huku inatafuta mwalimu wa baiolojia."

"Nikiondoka, shangazi, nani atazisoma zile karatasi?"

"Na ukibaki?"

"Nitabaki na hasira zangu."

"Basi kaa nazo, lakini ule. Hasira na njaa hazikai chumba kimoja."

Alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo, ingawa kicheko hakikufika mbali.

Mwezi huo aliomba kazi ya porini katika hifadhi nyingine mbili. Moja haijajibu mpaka leo. Ya pili walimwita kwenye usaili, na swali la kwanza likawa lile onyo. Angeweza kulipunguza makali. Hakulipunguza, aliwasimulia yote, tangu tembo arobaini na mmoja mpaka ndama wa nyati. Mwanamke aliyeongoza usaili aliandika muda mrefu, kisha akafunga daftari lake.

"Tutakupigia," alisema.

Hii ni wiki ya sita sasa. Asubuhi bado anafika ofisini mapema kuliko wote, anawasha kompyuta, na karatasi ya kwanza anayoitafuta ni ya kusini.