Kidole cha Pili

Mdogo wangu ni daktari wa upasuaji, na manesi humwita Profesa Kidole. Humwita hivyo akiwa hayupo, ila anajua. Ujana wake wote umeishia kwenye utafiti wa saratani ya utumbo mpana, hasa ile inayoota chini kabisa, karibu na njia ya haja. Zamani mgonjwa wa namna hiyo alikatwa tu, njia ikashonwa, akatembea na mfuko wa choo tumboni maisha yake yote. Mdogo wangu alikuwa kati ya waliobisha: mpe mionzi na dawa kwanza, uvimbe ukiyeyuka wote, usimkate, mfuatilie kwa karibu. Wakubwa wake walimcheka. Leo wanamwalika kwenye mikutano.

Lakini ana kasoro, na nitaisema mimi maana nimemlea. Picha ya mashine haiamini sana, kamera ya kuingizwa ndani anaiamini nusu. Anachokiamini ni kidole chake mwenyewe, ndani ya glavu, kikipapasa kovu pale uvimbe ulipokuwa. Likiwa laini, mgonjwa aende nyumbani. Likiwa gumu, thieta akapasuliwe. Ana daktari mdogo, binti mtulivu aliyejifunza kwake tangu mwanzo. Binti hupapasa kwanza, kisha bosi hurudia kana kwamba hakuna mtu aliyeingia mle chumbani.

Basi saratani haina adabu, ikanipata mimi.

Nilimaliza mionzi. Nilikonda, nikachubuka mahali nisipoweza kukuonyesha. Siku ya kupimwa nikapanda kitandani, nikalala ubavu. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya pazia, anakohoa tu.

"Unaingia, huingii?"

"Dada, sitaweza."

"Na mimi ningekuruhusu? Mtoto niliyemtawaza kwa mkono huu, leo aje anipapase huko? Toba!"

Akaingia binti. Alipapasa taratibu, akarudia, akavua glavu. "Ni laini, mama. Sihisi uvimbe wowote." Nililia palepale, shuka la hospitali kiunoni.

Kumbe nimeshangilia mapema. Keshoye nikapigiwa simu nije kulazwa, nimepangiwa upasuaji Jumatatu. Nikapanda ngazi mpaka mlango wa thieta, nikamkuta mdogo wangu mbele ya ubao mweupe wanakoandika wagonjwa wa wiki. Jina langu lilikuwa la kwanza, kwa mwandiko wake.

"Picha inasemaje?" nikamuuliza.

"Safi."

"Kamera?"

"Safi."

"Binti?"

"Anasema laini."

"Sasa unanikata kwa lipi?"

"Sijagusa mwenyewe, dada."

Binti alikuwa kwenye sinki ananawa mikono. Aliendelea kunawa, ingawa ilikuwa imeshatakata. Hapo hasira ikanipanda.

"Nyani haoni kundule! Miaka yote unawasema wenzako kwamba wanakata watu kwa woga. Na wewe je?"

"Nikikosea, nimekuua."

"Na hao wengine ukikosea, umemuua dada wa nani?"

Sikuwa shujaa, usidhani. Mfuko niliuogopa, na kifo nilikiogopa zaidi. Angenipa sababu moja ya kidaktari ningelala kwenye kitanda cha thieta bila neno. Hakuwa nayo.

"Huyu umemfundisha wewe," nikamwambia, kwa upole sasa. "Kama kidole chake hakifai, basi hukufundisha kitu. Ukifa, tunakuzika na utafiti wako wote."

Akamgeukia binti. "Angekuwa mgonjwa wako?"

"Nisingemkata."

"Una hakika?"

"Hakika sina, Profesa. Hata wewe hukuwahi kuwa nayo. Lakini ni laini."

Mdogo wangu akafuta jina langu kwa kiganja, kitambaa kikiwa kinaning'inia pembeni. Mkono ukabaki mweusi.

Juzi nilikuwa kliniki tena. Mdogo wangu alisubiri koridoni, anakwenda na kurudi kama mume nje ya leba. Binti akatoka, akamwambia bado ni laini. Akashusha pumzi, akakaa benchini, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia aache kunibembeleza, ana wagonjwa.

Aliyefuata alikuwa mzee mmoja, si ndugu yetu wala jirani. Binti akavaa glavu mpya, akaingia. Alipotoka akasema, "Laini." Nikamtazama mdogo wangu, nikijua sasa atanyanyuka kwenda kurudia.

"Mwambie mzee aende nyumbani," akasema, akabaki amekaa. Nikamshika mkono.