Shule ya Kwanza Wilayani

Mwalimu mkuu Nyamhanga alitaka shule yake ya Awendo iwe ya kwanza wilaya nzima ya Migori katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwaka wa tisini na sita. Kabla ya usajili alimwagiza Leonida, mwalimu wa darasa la nane, awatoe wote waliokuwa wakishusha wastani, wakasajiliwe katika shule changa iliyokuwa katikati ya mashamba ya miwa.

Leonida hakubisha. Alimwita Susana, msichana mpole ambaye hesabu zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kumwingia.

"Ile shule iko karibu na kwenu," alimwambia. "Hutachoka kutembea."

"Mimi sichoki, mwalimu," Susana alijibu. Lakini kesho yake dawati lake lilikuwa tupu.

Matokeo yalipotoka, Nyamhanga alipata alichotaka. Fahali alichinjwa, wazazi wakambeba Leonida juu juu wakiimba. Ile shule changa ilishika mkia, na wazazi wa huko wakamfukuza mwalimu mkuu wao. Habari hiyo ilimfikia Leonida akiwa na nyama mdomoni, akaitema.

Jumamosi alikwenda kwa kina Susana. Mama yake, Benta, alimpokea kwa mikono miwili, akamwekea chai.

"Utusamehe, mwalimu. Ulimfundisha vizuri, naye ametuaibisha. Huko hawakuwa na mwalimu wa hesabu tangu Mei, lakini si angejikaza."

Leonida angeweza kunywa chai yake na kwenda zake.

"Mama Susana, hakuaibisha mtu," alisema. "Mimi ndiye niliyemtoa, ili shule yetu ionekane bora. Angebaki, angefaulu."

Benta alimtazama, kisha akainuka na kutoka nje.

Susana, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, hakuinua kichwa. "Tulijua, mwalimu. Sote tuliotolewa tulijua."

"Rudi darasani kwangu. Nitakusajili mwenyewe."

"Na wale wengine?"

Jumatatu Leonida alimwambia Nyamhanga kwamba hatamtoa mtoto yeyote tena, na waliotolewa warudishwe. Nyamhanga alicheka, akamhamishia darasa la kwanza.

Susana alirudia darasa kule kule kwenye miwa. Jioni, kengele ikishalia, Leonida alikuwa akienda huko kumfundisha hesabu yeye na wenzake. Akikutana na Benta njiani, Benta humwitikia salamu, ila hasimami.