Wetu Wote Wanajiweza

Mimi ni fundi cherehani, na wateja wangu husema mdomo wangu una makali kuliko mkasi wangu. Wanasema hivyo na bado wanarudi. Kwa hiyo mdogo wangu alipokuja kuniomba nishone mapazia mapya ya chumba cha kikundi chao, kwa kuwa mtu wa manispaa alikuwa anakuja kukagua, sikunyamaza. Nilimwambia mtu wa manispaa haji kuposa, anakuja kuona shida. Akacheka, akanitupia kitambaa mezani, akasema nipime huku napiga kelele zangu.

Kikundi kilikuwa cha akina mama wenye watoto walemavu. Walikuwa wamepanga chumba kilichowahi kuwa saluni ya wanawake, na kioo kikubwa kilibaki ukutani kwa sababu mwenye nyumba aliona uvivu kukiondoa. Walikwenda kwa zamu. Leo mama mmoja anabaki na watoto wote, wenzake wanakwenda kutafuta riziki, kesho anabaki mwingine. Bila zamu hizo mdogo wangu asingekuwa na kazi. Alipiga pasi kwa dobi, kutwa amesimama kwenye mvuke, na mume hakuwa naye. Yule bwana aliaga kwamba anakwenda kununua vocha ya simu, na mpaka leo nadhani foleni ni ndefu.

Mtoto wao tulimwita Malkia, kwa sababu kila kitu alifanyiwa. Alikuwa na miaka minane na shingo ilikuwa haijakaza. Hakuweza kuketi, hakusema neno, mate yalimtoka muda wote, na mara nyingine mwili ulimkakamaa ghafla mpaka mtu akaogopa. Lakini alikuwa na kicheko. Nikikanyaga cherehani anacheka, nikiacha ananuna, nikikanyaga tena anacheka. Nimeshona mistari mingi isiyo na kazi kwenye vipande vya nguo za watu ili nimsikie tu, na sijuti.

Sasa shida ilikuwa hii. Mama mmoja wa zamu hakuweza kumlisha Malkia na wakati huohuo kuwaangalia wengine. Siku moja mtoto alipaliwa na uji, macho yakageuka, na aliyekuwa zamu akawa anampiga mgongo huku watoto waliobaki wanalia chumba kizima. Alipona, ila wote waliingiwa na hofu. Mwenyekiti wao, ambaye tulimwita Mama Pacha kwa ajili ya mapacha wake, alimvuta mdogo wangu pembeni. Alimwambia kwamba ruzuku ya manispaa ikipatikana wataajiri msaidizi na kumnunulia Malkia kiti maalumu cha kumshikilia shingo na kiuno. Isipopatikana, kikundi hakitaweza kumpokea tena.

"Nisamehe, mwenzangu," alisema. "Akitufia mikononi tutakwambia nini?"

Mdogo wangu alinisimulia hayo akiwa mkavu wa macho. Alijua maana yake. Kama Malkia hana pa kukaa mchana, ama aache kazi wafe njaa wote wawili, ama amfungie ndani. Hakuna la tatu.

Basi akaingia kwenye maandalizi kwa nguvu zake zote. Walisugua sakafu mpaka rangi yake ya zamani ikaonekana. Waliazima viti kwa huyu, kitambaa cha meza kwa yule, glasi za mama mmoja aliyeziweka kabatini tangu harusi yake. Ukuta uliokuwa na ukungu waliupaka chokaa. Mtaa wetu ndivyo ulivyo. Mgeni akibisha hodi, kila kibovu kinasukumwa chini ya kitanda, mgeni anakaribishwa kwenye kiti pekee kizima, na mwenye nyumba anasimama akitabasamu kana kwamba viti vingine viko njiani vinaletwa. Tumelelewa hivyo, na mama yetu angetuchapa kama tungemwonyesha mtu umaskini wetu kwa makusudi.

Siku ya ukaguzi, asubuhi, mdogo wangu alinijia kibandani na Malkia mgongoni.

"Dada, kaa naye leo."

"Kwani zamu haipo?"

"Ipo. Lakini leo kuna mgeni."

Niliweka mkasi chini. "Mgeni anakuja kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya huyuhuyu?"

"Dada, jamani. Akikakamaa mbele ya mtu anayekunywa soda? Mate yakimwagika kwenye sakafu tuliyosugua siku mbili? Ataona kikundi chetu hakijui kutunza watoto. Wenzangu wamehangaika. Siwezi kuwaharibia."

"Mama Pacha amekwambia umlete huku?"

"Hajaniambia mtu. Ni mimi mwenyewe."

Nikataka kusema neno, nikamwona alivyovaa. Gauni la kanisani, viatu alivyoazima, uso umepakwa poda kiasi. Nilikumbuka siku wifi yake alipowatembelea, akamwona Malkia, akairudisha kwenye sahani keki aliyokuwa amekwisha kuimega, akasema ameshiba. Mdogo wangu hakuwahi kulisema tena jambo hilo, wala hakuwahi tena kumkaribisha mtu chakula. Nikampokea mtoto. Nilimlaza juu ya furushi la vitambaa, nikakanyaga cherehani, naye akaanza kazi yake ya kucheka.

Alirudi alasiri, meno nje. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akavua viatu vya watu na kuanza kunimwagia habari. Afisa ni mzee mwenye miwani, mpole, hana makuu. Amesifu mapazia. Amekunywa soda mpaka mwisho. Mtoto mmoja amemwimbia wimbo, mapacha wamemsalimia kwa kumpa mkono, na mzee amefurahi mno.

"Tena akaniuliza mimi," alisema, akijipiga kifuani. "Wenzangu walikuwa wanawapanga watoto kwa wimbo, mimi ndiye niliyekuwa namimina soda. Akaniuliza, 'Hakuna watoto wenye hali ngumu zaidi, labda wasioweza kuketi?' Nikamwambia, 'Hakuna, mheshimiwa. Wetu wote wanajiweza.' Akauliza tena, nikamwambia aangalie mwenyewe. Akaandika."

Mguu wangu ulisimama juu ya cherehani. Malkia akanuna.

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilitaka ajue tuko makini. Nani atoe fedha kwa watu wanaolialia?"

Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake tangu ajifungue, nami nikashindwa kuimwagia maji. Nilimpa mwanawe, wakaenda.

Jibu lilikuja, na lilikuwa jema. Kikundi kilipata ruzuku. Mama Pacha aliwaita wote kwenye chumba chao, na mimi nilikwenda kwa sababu ya mapazia, nikijihesabu kuwa nina haki ya kusikia. Aliwasomea walichopewa: meza na viti vidogo, vitabu, rangi, choo kipya, na mwalimu wa kuwafundisha watoto kusoma na kuhesabu. Walipiga vigelegele. Mama mmoja alilia, maana mwanawe alikuwa amekataliwa na kila shule, na sasa shule inamfuata. Sikuweza kumchukia. Ningekuwa yeye ningelia pia.

Mdogo wangu alisubiri kelele zitulie, Malkia mapajani mwake.

"Na msaidizi?" aliuliza. "Na kiti?"

Mama Pacha aliangalia karatasi, ingawa alikwisha kuisoma. "Hawakuandika," alisema. "Wametoa kulingana na watoto waliowakuta."

Akina mama waligeukia watoto wao, wakawafuta nyuso ambazo hazikuwa chafu. Niliwaka hasira nikatafuta wa kumshukia, na kila niliyemtazama alikuwa mtu aliyewahi kumbeba Malkia kwa mikono yake. Mama Pacha alisema atampokea hadi mwisho wa mwezi, kwa hiari yake mwenyewe, halafu akaikunja ile karatasi.

Kesho yake tulikwenda manispaa, mdogo wangu na mimi, na Malkia mgongoni mwake. Korido ilikuwa ndefu, imejaa watu wenye bahasha, na kila aliyetuona alisogeza miguu yake. Yule mzee wa miwani tulimkuta kwenye chumba kidogo chenye mafaili mpaka dirishani. Alimtambua mdogo wangu mara moja. Aliinuka kwa bashasha, akauliza habari za mapacha. Kisha akamwona aliyekuwa mgongoni.

Mdogo wangu alimshusha, akampakata. Mzee alitoka nyuma ya meza yake, akachuchumaa mbele yao. Alimshika Malkia kidole, naye akamchekea, mate yakadondokea mkono wa shati lake, na mzee hakuuondoa mkono.

"Huyu alikuwa wapi siku ile?"

"Kwa dada yangu."

"Mama, nilikuuliza."

"Uliniuliza," alisema mdogo wangu. "Nikakujibu."

Mzee akatueleza taratibu, akiwa palepale chini, kama mtu anayefungua kidonda cha mwenzake. Mwaka huu kulikuwa na fungu la fedha la peke yake kwa watoto wasioweza kuketi. Kiti, msaidizi wa kulipwa kila mwezi, na mtaalamu wa kuwanyoosha viungo. Alikuwa amelipigania mwenyewe kwenye vikao. Alizunguka vikundi vyote vya manispaa akiwatafuta watoto hao, na kila alikofika alikuta sakafu inang'aa na soda baridi, na kila alipouliza aliambiwa hakuna. Mwaka wa fedha ulipofungwa, fungu lilirudi lilikotoka zima kama lilivyokuja. La mwakani wakubwa wamelifuta, kwa sababu inaonekana watu hawa hawapo.

Hapo nikashindwa kujizuia. "Na wewe, mzee mzima, miaka yote hiyo kazini, hukujua kwamba watu wanaficha?"

"Nilijua," alisema. "Ndiyo maana niliuliza mara mbili."

Alituahidi atalisemea tena, na nadhani alimaanisha, lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayetegemea kusikilizwa. Tulipotoka alitushikia mlango.

Kwenye ngazi za nje mdogo wangu alikaa ghafla. Watu walitupita wakipanda na kushuka.

"Vikundi vyote, dada," alisema. "Kumbe na wao walikuwa nao. Wote tuliwaficha."

"Ulitaka wenzako wafanikiwe."

"Usinitetee. Nilimwonea aibu mwanangu." Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja anapoishi, kisha akainamisha uso kwenye nywele za Malkia na kulia kwa namna ambayo sijawahi kumsikia akilia, hata siku ya maziko ya mama. Mimi mwenye mdomo nilikaa kando yake nikiwa bubu. Nilimpenda, nilimwonea uchungu, na nilitamani kumzaba kofi. Yote matatu kwa pamoja.

Mwezi ulipokwisha nilijaribu kukaa na Malkia kibandani. Nilidumu kwa muda. Halafu siku moja alikakamaa akaanguka kutoka kwenye furushi, karibu na pasi ya moto, nikajua kwamba mapenzi hayatoshi. Sasa mdogo wangu anamlisha alfajiri, anamlaza kwenye godoro sakafuni, anamzungushia mito, anafunga mlango na kwenda kwa dobi. Mimi mchana nafunga kibanda, nakwenda kumgeuza, kumsafisha na kumlisha. Kilichobaki cha siku anabaki na dari. Amepungua. Mgongo umeanza kupinda upande mmoja, na ule mguu wa kushoto hauwezi tena kunyooshwa bila yeye kulia.

Juzi, siku ya mapumziko ya mdogo wangu, nilikuwa kwao nikimsaidia kufua. Kijana anayesoma mita za maji alipita, na daftari lake kwapani. Aliinama kwenye mita nje ya mlango, akaandika, akawa anaondoka. Mdogo wangu aliacha nguo kwenye beseni, akamfuata, mikono imejaa povu.

"Kaka, nina mtoto asiyeweza kuketi," alimwambia. "Yuko ndani. Karibu umwone."

Kijana alinitazama kuomba msaada. Sikumpa. Huwa anamwambia hivyo kila mtu anayefika mlangoni pale siku hizi, muuza vyombo, wahubiri, mtu aliyekosea nyumba, na mimi nimeacha kumzuia.

Aliingia, maskini, akasimama katikati ya chumba kisichofagiliwa, beseni la haja pembeni, shuka chafu ukutani. Malkia alikuwa ameloa. Mdogo wangu hakumfunika wala hakumfuta. Alimwinua kwapani ili shingo ianguke kama inavyoanguka, mtu aone vizuri.

"Mama," kijana alisema kwa sauti ndogo, "mimi nasoma mita tu."

"Najua, mwanangu," alisema. "Wewe mtazame."