Fundo la Ndani ya Buti

Mtaa wetu wa mafundi viatu ulikuwa wa maneno mengi na kazi kiduchu, mpaka mjomba wangu alipotuletea lile fundo. Alifundishwa na mpita njia aliyelala kwake siku mbili. Linafungwa ndani ya buti, kule kwenye vidole, mahali ambapo jicho halifiki, na ukilipatia, soli haing'oki ng'o. Halisomwi kwa kutazama. Mwalimu anaingiza mkono juu ya mkono wako, mmebanana bega kwa bega, anavisukuma vidole vyako mpaka vielewe.

Mjomba hakuwa mchoyo. Alimfundisha jirani, jirani akamfundisha shemeji yake, shemeji akafundisha mafundi kumi. Malori yakaanza kuja kubeba buti za wachimba migodi. Watu wakajenga. Mimi, binti wa dada yake, nilibaki kukata ngozi, nikijiambia nitajifunza kesho.

Kikohozi kikaja, kikapita mlemle lilimopita fundo: jirani, shemeji, wale kumi, wote wakafa. Tuliozembea ndio tuliobaki wazima. Hebu niambie kama hiyo si kejeli.

Kati ya waliolijua fundo akabaki mjomba tu, mgonjwa, amejifungia chumbani. Bila fundo malori yangekwenda zao, na mtaa nao. Nikasimama dirishani kwake siku tatu.

"Mjomba, nifungulie unifundishe."

"Nikufungulie ukafe? Tazama hapohapo."

Nikatazama. Niliona kiwiko kikitikisika, basi. Buti niliyoshona iliachia soli nilipoivaa tu. Nililia, nikagonga mlango, nikamwita mchoyo, mtu yule!

Siku ya nne, mchana, mlango ukafunguka. Mjomba alikuwa ameketi sakafuni, mifupa mitupu, buti mapajani, mkono umeshaingia ndani.

"Haya, mama, njoo upesi. Nguvu ninazo za mara moja tu."

Akakohoa. Nami niliyebembeleza siku tatu nikarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili. Niliogopa. Sina neno jingine.

Alinitazama kidogo. "Si kitu, mama. Rudishia mlango."

Tulimzika kesho yake. Lori lilipokuja, dereva alikunja buti moja, soli ikaachama. Hakugomba, aligeuza gari. Sasa tunabandika ndala kwa gundi, kila mtu kwake, milango imefungwa.

Watu wakiuliza, mafundi husema mjomba alikufa na fundo lake. Mimi huinamia gundi yangu; mlango niliufunga mimi.