Kamba Mbili za Kisimani

Mume wangu alikuwa mpima maji wa kisima cha mtaa. Kila asubuhi, kwa miaka kumi na tisa, aliteremsha kamba yenye kufuli kuukuu mwishoni, akahesabu mafundo mpaka kufuli liguse maji, akaandika kwenye daftari. Alipofariki mwaka jana madaftari yalibaki kwangu. Sikuyagusa.

Binti yetu ndiye aliyeyafungua. Chuo kilikuwa kimetangaza nafasi moja ya shahada ya uzamivu, mtu wa kutengeneza modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga maji ya chini ya ardhi yanavyopanda na kushuka. Usaili wake ulikuwa saa nne, kwa kompyuta, mezani petu. Saa mbili nilimkuta ameshika kichwa.

"Mama, baba kaniangusha."

"Baba yako hajamwangusha mtu."

"Tazama." Kwenye skrini palikuwa na mistari miwili, wa modeli yake na wa daftari. Ilikwenda sambamba, halafu mwaka wa kumi na tatu mstari wa baba ukadondoka ghafla, haukuinuka tena. "Mvua haikupungua, pampu haikuongezwa. Wakiniuliza kwa nini, sina jibu. Nafasi ndiyo imekwenda."

Shemeji yangu, fundi redio, alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Sema kaka alikuwa anapima huku anasinzia."

"Miaka saba mfululizo?" nikamuuliza.

"Kaka hakuwa mtu wa kuacha jambo njiani."

Nikacheka. Sikuwa nimecheka juu yake tangu tumzike. Na katika kucheka huko nikakumbuka.

"Mwaka huo alivunjika mkono," nikasema. "Na kamba ikakatika. Hii mpya niliifunga mafundo mimi."

"Ulipima kwa kitu gani?"

"Kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole, kama yeye."

Aliutazama mkono wangu, akainuka kwa kishindo mpaka kiti kikaanguka. "Mama! Wako mfupi! Mafundo yako yamekaribiana, ndiyo maana yanaongezeka, maji yanaonekana yameshuka! Ile ya zamani iko wapi?"

"Si hiyo unayoanikia nguo?"

Tulitoka mbio. Shemeji akabebeshwa mashuka mabichi begani, analalamika kwamba hakuja kufua. Kutoka fundo hadi fundo, kamba ya mume wangu ilikuwa sentimita arobaini na tisa. Yangu, iliyoning'inia nyuma ya mlango, arobaini na tatu. Binti akaandika, akabonyeza. Mstari ukapanda, ukalala juu ya mwenzake. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia.

Saa nne profesa, mama mwenye miwani, aliutazama mchoro wa binti kwenye skrini, akaanzia hapohapo. "Data za miaka saba umezirekebisha. Kwa msingi gani?"

"Kwa mkono wa baba na mkono wa mama," binti akajibu, akaeleza yote.

Profesa akasogelea kamera. "Mama yupo?"

Nikasogea na aproni yangu, nikainua mkono. Akacheka kwa furaha.

"Barua itakuja wiki hii," akamwambia binti, "lakini anza kufunga mizigo. Na hayo madaftari uje nayo yote."

Binti alinikumbatia huku anarukaruka. Baadaye nilirudi uani, nikaweka kiwiko kwenye fundo la mume wangu. Kidole changu kiliishia njiani. Zikabaki sentimita sita, nikazifunika kwa kiganja kingine.

Nguo sasa tunaanika kwenye waya.