Neno Lililosomwa kwa Sauti

Bathsheba hakuwa na cheti cha chuo. Hakuwa na mume wa kumsemea, wala ndugu katika kamati, wala kazi nyingine ya kukimbilia hii ikimponyoka. Na tangu majina ya wagonjwa yatoke, hakuwa na mtu ofisini aliyemtazama machoni.

Alikuwa karani wa shirika dogo pale Manga lililowahudumia watu wenye virusi vya ukimwi. Mwaka huo wa 1998 shirika lilipewa kompyuta, naye akaingiza humo majina ya wagonjwa, yakafungwa kwa neno la siri. Kisha mjumbe asiyefahamika akampelekea Mama Kemunto, muuza ndizi wa Marani, chupa ya dawa ya mitishamba, akautaja ugonjwa wake mbele ya mashemeji. Jioni hiyo hiyo Mama Kemunto alifukuzwa.

Kamati ilipokutana, mwenyekiti, Mzee Nyamweya, alikuwa amekwisha kumpata mwizi.

"Ni Sanjay, yule fundi Mhindi wa Kisii mjini. Mashine ililala kwake wiki nzima. Fundi gani anakaa na kitu wiki nzima bila kukifungua?"

"Tulimlipa akifungue, Mzee," Bathsheba alisema. Wachache wakacheka. "Lakini Mama Kemunto alijiandikisha mashine ikiwa imesharudi."

Kicheko kikakatika.

"Basi ni nani?" Nyamweya aliuliza polepole. "Maana wanaolijua neno ni sisi na wewe."

Wote wakamgeukia.

"Haya, tufuate utaratibu. Soma kumbukumbu za mkutano uliopita. Kwa sauti, binti yangu, tusije tukathibitisha tusichosikia."

Walijivunia utaratibu huo. Kila lililoamuliwa liliandikwa, na kila lililoandikwa lilisomwa mbele ya wote, asiwepo wa kulalamika kwamba alifichwa. Nyuma ya ukuta wa mbao, Omwenga, muuza mitishamba, alikuwa akitwanga mizizi yake. Bathsheba akasoma. Alipofika mahali palipoandikwa, "Kamati iliamua neno la siri libadilishwe, liwe," mchi ulinyamaza.

Naye akanyamaza.

"Umeishiwa na macho?" Nyamweya aliuliza.

"Mzee, kila tulipobadilisha neno nimelisoma hivi hivi." Alishusha sauti. "Na tukifunga ofisi, ufunguo tunamwachia nani?"

Hakuna aliyelitamka jina. Omwenga alikuwa jirani mwema, na kabla ya kuuza dawa alikuwa amefundisha watu kupiga chapa kwa taipureta. Wakautazama ukuta. Baada ya kitambo mchi ukaanza tena, taratibu kuliko mwanzo.

"Tutabadilisha kufuli," Nyamweya alinong'ona. "Omwenga tutamhamisha. Lakini wagonjwa wasiambiwe. Wakijua, nani atakanyaga hapa tena? Atakayefungua mdomo, kazi yake imekwisha."

Alipokuwa akisema hayo, alikuwa akimtazama Bathsheba.

Bathsheba alimfikiria Thadeus, mwalimu wa Nyacheki, ambaye mkewe hakujua lolote. Jina lake lilikuwamo kwenye kompyuta pamoja na la Mama Kemunto, na chupa kama ile ingeweza kufika kwake siku yoyote. Kumwendea hakungefaa: karani wa shirika akionekana mlangoni, ni kama kumtangaza.

Kesho yake alishuka hadi posta ya Nyamira na bahasha aliyoinunua dukani, isiyo na muhuri wa shirika. Akaandika akiwa amesimama, mkono mmoja ukikinga karatasi.

"Mwalimu, jina lako limeibwa kutoka kwetu. Kosa ni letu, si lako. Mwambie mama watoto wewe mwenyewe, kabla mgeni hajamwambia."

Akatia sahihi yake na jina lake lote. Juu ya bahasha aliandika anwani ya shule na neno "Binafsi". Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Maneno yalionekana kwa mbali. Akaitoa barua, akaizungushia karatasi tupu, akairudisha. Akalamba gundi, akaibana kwa kiganja, akaitumbukiza katika sanduku la barua.