Glasi ya Mzee wa Kona

Ezéchiel alipata kazi ile kwa sababu ya uso wake. Kampuni moja ilikuwa ikitengeneza kichekesho cha televisheni kuhusu baa ya mtaani kule Uingereza, na kwa kuwa mafundi wa Johannesburg hawadai sana, Uingereza yenyewe ikajengwa kwa mbao ndani ya ghala. Wakataka mzee wa kukaa kona na glasi ya bia, asiseme neno, anyanyue tu glasi wenzake wanapogombana. Ezéchiel alikuwa mlinzi wa lango kwenye mtaa wa Observatory. Kukaa kimya alikuwa na uzoefu nako wa miaka kumi na minne.

Bia yenyewe ilikuwa chai ya rooibos iliyopoa, juu yake povu la sabuni ya vyombo. Siku ya kwanza alikwenda na mkewe, Léocadie, akaone maajabu. Kabla sabuni haijatiwa wakamiminiwa wote wawili wakanywa, na Léocadie akaomba sukari. Walicheka mpaka wakaambiwa wanyamaze.

Kichekesho kikapendwa. Yeoville nzima, mtaani kwao, ikawa inamsalimu, "Mzee wa kona, sharp!" Kisha kikaja kipindi cha tano, mwenye baa, mwanamke wa Kizungu wa nywele nyekundu, akamkalia mapajani na kumbusu upara. Ezéchiel alimwambia mkewe ni kazi tu. Léocadie akajibu, "Sawa." Saluni anakofanya kazi ya kusuka, wanawake wakawa wanamuuliza kama mke mwenza hajambo. Aliyameza yote.

Sasa, heshima ya Ezéchiel haikuwa barabarani, ilikuwa kwenye kwaya. Jumapili, mbele ya waimbaji thelathini, mlinzi anageuka mwalimu, na nyimbo ni zake, amezitunga tangu kwao Bukavu, Kongo. Ukimnyang'anya kwaya, umemwachia lango.

Na kanisa lao halina mchezo na pombe. Wazee wa kanisa, ambao walikitazama kichekesho kila Jumatano bila kukosa, maana unafiki hauna haya, wakamwita yeye na mkewe baada ya ibada.

"Ni chai, Pasteur," alisema Ezéchiel. "Chai na sabuni."

Pasteur Zakayo, mchungaji wao, akatikisa kichwa. "Bakristo bachanga habaoni chai, ndugu. Banaona bia. Nani anaweza kushuhudia?"

"Mke wangu, Mama Gaëlle. Alionja."

Wote wakamgeukia Léocadie. Ezéchiel akashusha pumzi, akijua jambo limekwisha.

Léocadie aliufunga mkoba wake taratibu. "Mi sijui alikuwa anakunywa nini na bale bazungu bake," akasema. "Mi sikuonja kitu."

Angebisha vipi? Amwite mama wa mtoto wake mwongo mbele ya wazee? Akainamisha kichwa, na kwaya ikaondoka mikononi mwake kwa mwaka mzima. Mlangoni Pasteur akamshika kiwiko, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kule kwenye baa hawatafuti mzee mwingine.

Kikulacho ki nguoni mwako, Ezéchiel alijiambia njia nzima. Karibu na nyumbani akashindwa kuvumilia.

"Uliomba na sukari," akasema. "Vijiko viwili."

"Niliomba."

"Sasa kwa nini, Mama Gaëlle?"

Léocadie akasimama. "Balikuambia ukae. Balikuambia unyamaze. Ile siku ya busu, nani alikuambia ufunge macho?"

Hakuna aliyemwambia.

Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma, kwenye kona. Carmel, binti aliyepewa nafasi yake, akaanzisha mmoja wa zile nyimbo za Bukavu kwa sauti ya juu kupita kiasi, na sauti za kwanza zikaanza kupasuka. Ezéchiel alisikia uchungu mpaka kwenye meno. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe, taratibu, vidole vimejikunja, kuwashusha waimbaji.

Watoto waliokuwa mbele yake wakageuka, wakamwona Mzee wa kona na glasi yake, wakaanza kucheka.